Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya huduma za uzazi: maelekezo kwa mzazi mpya ni tiba, si hisani

Waheshimiwa mnaosimamia huduma za afya ya mama na mtoto,

Nawaandikia nikiwa baba wa mtoto wa miezi minane, mtoto wetu wa kwanza, ambaye kwa sasa amelala na ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu. Siandiki kumshtaki mhudumu yeyote. Waliompokea mwanetu walifanya kazi yao kwa ustadi, na mke wangu alirudi nyumbani salama. Ninachotaka kuwaeleza ni yale yaliyofuata baada ya sisi kutoka nje ya lango la hospitali, katika zile wiki ambazo kwenye mipango yenu zinaonekana kama nafasi tupu kati ya kuzaliwa na chanjo za wiki ya sita, ilhali kwa mzazi mpya hizo ndizo wiki zenye maswali mengi kuliko zote atakazopitia katika malezi.

Siku ya kuruhusiwa, maelekezo tuliyopewa yalichukua muda mfupi kuliko ule tuliotumia kufunga mizigo. Muuguzi, ambaye wodi nzima ilikuwa ikimsubiri, alimweleza mke wangu namna ya kutunza kitovu, akamkumbusha kunyonyesha mara kwa mara, akamtajia tarehe ya kurudi. Mke wangu alikuwa hajalala kwa siku mbili. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la malipo, nikifuatilia karatasi ya ruhusa, na hakuna aliyeona haja ya kunisubiri. Tulipofika nyumbani nilimuuliza ameambiwa nini, naye akakumbuka kitovu na tarehe.

Usiku wa tatu matiti yake yalijaa na kukakamaa kiasi kwamba mtoto hakuweza kuyashika. Chuchu zilikuwa zimechubuka, na kila mtoto alipolia mama yake alikunja uso kabla hata hajamgusa. Tulifanya kile ambacho kila mzazi katika hali hiyo hukifanya: tulipiga simu. Mmoja alituambia maziwa hayatoshi, tuanze ya kopo. Mwingine alisema mtoto ana kiu, apewe maji. Wa tatu alitushauri tumwache alie kwa kuwa kulia kunapanua mapafu, na wa nne akasema kosa ni la mama kwa sababu ana wasiwasi, na wasiwasi hukausha maziwa, kauli ambayo ilimwongezea wasiwasi huohuo aliokuwa akilaumiwa nao. Nilipohamia kwenye intaneti nilipata majibu mengi zaidi, nusu yakinihakikishia kwamba hali ni ya kawaida na nusu yakinitisha kwamba tumechelewa. Wote tuliowapigia simu walitupenda, lakini hakuna hata mmoja aliyetuona.

Siku ya tisa alikuja mkunga mstaafu, jirani wa rafiki yetu, ambaye alijitolea tu baada ya kusikia habari zetu. Kwa muda mrefu hakusema neno. Alimwomba mke wangu anyonyeshe kama alivyozoea, akaketi pembeni, akatazama. Kisha akamgeuza mtoto ili tumbo lake ligusane na la mama, akaweka kichwa na mwili katika mstari mmoja, akasubiri mtoto apanue kinywa chote ndipo akamsogeza kwenye titi, kidevu kikigusa, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu ikiingia kinywani badala ya chuchu peke yake. Alituambia kwamba mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo, na kwamba kufanya hivyo si dalili ya njaa isiyotibika. Alitufundisha kutopima maziwa kwa hofu bali kwa nepi: kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayelowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24 anapata maziwa ya kutosha. Alitueleza pia kwamba watoto wengi hupungua uzito kidogo katika siku za mwanzo na kuurudisha ifikapo wiki ya pili. Yote aliyotuambia yangeenea kwenye nusu ukurasa, na usiku ule, kwa mara ya kwanza, nyumba yetu ilitulia.

Nikiri kwamba furaha yangu haikudumu, kwa sababu asubuhi yake nilianza kukasirika. Maarifa yale hayakuwa ya siri wala mapya. Mkunga yule aliyajifunza chuoni miaka mingi iliyopita, na naamini kila muuguzi wa wodi ile anayajua. Lakini yalitufikia kwa bahati, siku ya tisa, kupitia rafiki mwenye jirani mwema. Katika vituo vyenu, kidonge kimoja cha dawa kina daftari lake: imeandikwa kilitoka lini, nani alikitoa, nani alikipokea, na kikiisha stoo taarifa hupanda hadi ngazi za juu. Maelekezo kwa mzazi hayana daftari. Hakuna anayeandika kama yalitolewa au kama yalieleweka, na yakikosekana hakuna anayeulizwa, kwa sababu yanahesabiwa kuwa ni wema wa mhudumu aliyepata nafasi. Ombi langu kwenu, ambalo yote yaliyobaki katika barua hii yanalieleza, ni kwamba myahesabu maelekezo haya kuwa tiba, yenye kipimo chake, wakati wake na mtu wa kuwajibika.

Msidhani natia chumvi ninapoyaita tiba. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita, wataalamu wa nchi kadhaa tajiri waliwashauri wazazi wawalaze watoto wachanga kifudifudi, wakiamini kwamba mtoto aliyelala chali angeweza kupaliwa na matapishi. Ushauri huo ulikuwa wa nia njema, na waliokuwa wakiutoa walikuwa na vyeti vyao. Baadaye ilibainika kwamba kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini. Uingereza ilianza kampeni ya kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya aina hiyo vikapungua kwa zaidi ya nusu katika nchi hizo. Haikugunduliwa dawa, wala haikununuliwa mashine. Kilichobadilika ni sentensi moja anayoambiwa mzazi. Sentensi yenye nguvu ya kuua na kuokoa kiasi hicho haistahili kuachwa itangetange baina ya simu za ndugu na kumbukumbu ya mama ambaye hajalala.

Wala hamhitaji kubuni ratiba mpya, kwa maana ipo. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua, linataka mama na mtoto wasio na matatizo wakae kituoni angalau saa 24, kisha waonwe angalau mara tatu zaidi: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Linapendekeza pia kwamba katika wiki ya kwanza watembelewe nyumbani na mtaalamu au na mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa. Ukiitazama ratiba hiyo ukiwa mzazi aliyepitia siku hizo, unaona kwamba aliyeipanga alijua anachokifanya. Siku ya tatu ndiyo ambayo maziwa hujaa na mama wengi hukata tamaa. Ni katika siku hizohizo ambapo umanjano wa mtoto hufikia kilele. Na ulimwenguni kote, karibu robo tatu ya vifo vya watoto walio chini ya siku 28 hutokea ndani ya wiki ya kwanza. Kwetu sisi, mahudhurio mawili ya katikati hayakutajwa kabisa. Ilibaki wiki ya sita, ambayo ina chanjo, na kwa hiyo ina foleni, daftari na mhuri.

Kuna jambo ambalo nawaomba msilikawize hata kama mengine yatasubiri bajeti. Mzazi asitoke wodini kabla hajaweza, kwa maneno yake mwenyewe, kutaja dalili za kumrudisha mtoto hospitali mara moja: kushindwa au kukataa kunyonya, degedege, kupumua kwa kasi inayozidi mara 60 kwa dakika, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, kulegea bila kujitikisa, mwili kuwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, na umanjano unaoanza ndani ya saa 24 za mwanzo au unaofika kwenye viganja na nyayo. Kwa upande wa mama, ataje kutokwa damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe na kupumua kwa shida. Nasema azitaje yeye, si asomewe, kwa kuwa mimi pia nilisomewa baadaye nikaitikia kwa kichwa huku nikiwaza mambo mengine. Na awepo mtu wa pili anayesikia. Usiku mtoto anapobadilika rangi, mama huenda ndiye aliyelala, na mwenye kumtazama mtoto akawa yule ambaye siku ya kuruhusiwa alikuwa kwenye dirisha la malipo.

Sasa nifike mahali ambapo kuandika kunaniwia vigumu, na mke wangu amesoma aya hizi na kuniruhusu nizichapishe.

Katika siku za mwanzo alikuwa akilia bila sababu aliyoweza kuitaja. Nilikuja kujua baadaye kwamba huzuni ya aina hiyo huwapata wanawake wengi waliotoka kujifungua na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yake haikuisha. Ilipofika wiki ya tano alikuwa hali vizuri, halali hata mtoto anapolala, na aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kawaida, kwamba anaona mtoto angelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine. Mimi nilidhani ni uchovu. Nikamwambia avumilie, neno ambalo leo nikilikumbuka naona aibu. Tulikwenda kliniki wiki ya sita. Mtoto alipimwa uzito, akachanjwa, kadi ikajazwa, tukaambiwa mtoto anaendelea vizuri sana. Hakuna aliyemuuliza mama yake swali hata moja. Njiani kurudi alilia tena, na nilipomuuliza alijibu kwamba alikuwa amejiandaa kusema ukweli endapo angeulizwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango hicho kinakaribia asilimia 20. Chombo cha kuwatambua kipo tangu mwaka 1987: dodoso la Edinburgh lenye maswali 10, ambalo mama anaweza kulijaza akiwa kwenye benchi la kusubiri, na ambalo limetafsiriwa na kutumika katika lugha nyingi. Halitoi hukumu, linaonyesha tu nani anahitaji kuketi na mtaalamu. Foleni tuliyokaa siku ile ingetosha kulijaza mara kadhaa. Mke wangu alipata msaada katika mwezi wa tatu, tena kwa kuutafuta wenyewe, na sasa ni mzima. Lakini wiki saba tulizopoteza kati ya kliniki ile na siku hiyo zilikuwa wiki za mwanetu pia.

Niseme kidogo kuhusu sisi akina baba, ingawa najua kuna watakaoguna. Katika kipindi chote hicho mhudumu mmoja tu alinisemesha, naye aliniambia nitoke nje. Naelewa faragha ya wodi. Hata hivyo baba, au yeyote yule anayeishi na mama, ndiye jicho pekee linalobaki nyumbani baada ya nyinyi kumruhusu mgonjwa wenu, na jicho lisilofundishwa huona uchovu mahali palipo na sonona, kama langu lilivyoona. Isitoshe, sisi wenyewe hatuko salama: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu baba mmoja kati ya kumi hupata sonona katika kipindi cha kabla na baada ya mtoto kuzaliwa. Dakika kumi za kumketisha baba pamoja na mama kabla ya kuruhusiwa hazitavuruga ratiba ya wodi yoyote.

Najua jibu mtakalolifikiria kwanza, kwamba fedha hazitoshi na wakunga ni wachache. Silipuuzi jibu hilo. Muuguzi wetu nilimwona kwa macho yangu akikimbia. Ila mambo ninayoyaomba yalikwisha kujaribiwa mahali ambapo fedha na wataalamu vilikuwa haba kweli. Huko Gadchiroli, nchini India, madaktari Abhay Bang na Rani Bang waliwafunza wanawake wa vijijini kuwatembelea majumbani wazazi na watoto wachanga, kuwatambua walio hatarini na kuwahudumia. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yalionyesha vifo vya watoto wachanga katika vijiji hivyo vikipungua kwa takriban asilimia 62. Vijijini Pakistan, wahudumu wa afya ya jamii wasiokuwa wataalamu wa akili walifunzwa kuzungumza na akina mama wenye sonona kwa utaratibu maalumu wakati wa ziara zao za kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba, miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya waliotembelewa kwa utaratibu huo bado walikuwa na sonona, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wale ambao wahudumu wao hawakupewa mafunzo hayo. Wahudumu walikuwapo tayari na nyumba walikuwa wakizifikia tayari. Walichoongezewa ni cha kusema wanapofika.

Ufini nao walipata ujanja wao, ambao huwa unanifurahisha kila ninapoukumbuka. Tangu mwaka 1938 walitoa sanduku la nguo na vifaa vya mtoto kwa mama wa kipato cha chini, na tangu mwaka 1949 kwa kila mama, kwa sharti kwamba awe amefika kliniki mapema katika ujauzito wake. Wageni hulishangaa sanduku lenyewe, hasa wakisikia kwamba mtoto anaweza kulala ndani yake, na kusahau sharti, wakati sharti ndilo lililomleta mama mbele ya mkunga.

Kuna mawili mengine nisiyotaka kuyarefusha. La kwanza ni simu: nambari moja inayopokewa na mkunga au muuguzi usiku kucha, ili swali la saa tisa za usiku lisijibiwe na yeyote aliye macho. La pili ni muda. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, lakini hauna kifungu cha likizo ya baba, na mama wengi wanaojiajiri au wanaofanya kazi bila mkataba hata hizo wiki 14 huzisikia tu. Mhudumu anayemwambia mama anyonyeshe miezi sita bila kumpa mtoto kitu kingine, kisha sheria ikamwita kazini kabla ya hapo bila chumba wala muda wa kukamua maziwa, amempa maelekezo ambayo nyinyi wenyewe mmeyafuta.

Mkono mmoja haulei mwana, tunaambiwa, na nimegundua kwamba wanaopenda kutuambia hivyo ni wale ambao mikono yao iko mfukoni. Ndugu na majirani walitubeba, nami nawashukuru. Lakini ndugu hawezi kujua umanjano upi ni wa kawaida na upi si wa kawaida, na si haki kumtwisha jirani kazi ambayo serikali au hospitali inalipwa kuifanya.

Mbele yangu iko kadi ya kliniki ya mwanetu. Ina nafasi ya uzito, ya urefu na ya kila chanjo pamoja na tarehe yake, na yote imejazwa kwa mwandiko safi. Naomba toleo lijalo la kadi kama hii liongezewe sehemu tatu: ya ziara ya siku ya tatu, ikiwa na saini ya aliyemtazama mtoto akinyonya; ya ziara ya wiki ya pili; na ya jibu la mama alipoulizwa hali yake. Zikiwa tupu, mkaguzi wenu atauliza kwa nini, kama anavyouliza chanjo isipojazwa.

Wenu katika heshima,

Mzazi wa mtoto wa miezi minane